Upepo wa Shilingi Mia

Nilikwenda kujaza upepo tu.
Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani,
kwa Fundi Shemhilu, penye spoki
zilizofungwa matita kama kuni.
Gurudumu la nyuma, shilingi mia, niende zangu.

Ila palikuwa na baiskeli nyekundu ukutani,
na mama mwenye mtandio wa kijivu,
na swali.

Mwenyewe aliiacha mwezi wa Shaabani.
Kijana. Alisema "kesho,"
na kesho yake imevuka Ramadhani, imekula Idi mbili,
haijafika.
Mama ana themanini elfu mkononi, taslimu,
na mtoto anayetembea kutoka Mabawa hadi shule.
Fundi anadaiwa kodi ya kibanda.
Auze? Asiuze?

Nani aliniuliza mimi? Hakuna.
Nikasema, ningali nimeinama kwenye pampu:
Amana ni amana. Haiozi.

"Inaota kutu," akasema mtu wa saruji,
katoka Pongwe, nyusi nyeupe, kazeeka kwa zamu moja.
"Wema gani huo unaonufaisha kutu?"

Nikamwambia jema ni jema hata lisipozaa.
Akaniambia mti usiozaa ni kuni.
Nikamwambia ukianza kuhesabu faida
kesho utauza na figo ya mgonjwa aliyelala.
"Figo imeingiaje kwenye baiskeli?"
Watu wakacheka. Masikio yakanipata moto.

Mama akanigeukia, taratibu:
"Baba, umekula asubuhi hii?"
Nimekula. Chapati mbili na maharage.
"Basi maneno yako yana shibe.
Yangu yanakwenda kwa miguu."

Ugomvi na jirani una breki:
kesho mtapokezana jeneza,
mtaazimana sufuria ya shughuli,
kwa hiyo ulimi unaikata kona polepole.
Lakini mtu usiyemjua jina
unamteremkia tu, miguu juu,
pedali zinajizungusha zenyewe.
Yule wa saruji nilimwita mwizi anayesubiri kufuli lifunguke.
Mtu ambaye hata viatu vyake sikuvitazama.

Shemhilu hakuwa upande wa yeyote.
Alikuwa anatia mafuta mnyororo wa ile nyekundu.
Anautia kila Ijumaa, nilikuja kuambiwa,
tangu Shaabani.
Akachukua spana, akashusha kiti
hadi kimo cha mtoto.
"Aipande. Mwenyewe akija, inarudi."
Zile themanini elfu hakuzigusa.

Nami, Mungu anisamehe, nikasema:
"Na kuazimisha kisicho chako, ni halali?"
Akajifuta kiganja kwenye suruali.
"Mia," akasema, akanyoosha mkono.

Usiku, Makorora, niliwashinda wote.
Mtu wa saruji nilimwangusha kwa hoja ya kwanza,
mama kwa ya tatu, kwa upole, na machozi yakamtoka,
fundi akabaki kakodoa macho na spana yake.
Mke wangu Mwanamvua akageukia ukutani.
"Unabishana na nani saa hizi?"
Sikuwa na jina hata moja la kumtajia.

Asubuhi nikapita tena njia ile, ambayo si njia yangu.
Gurudumu limejaa, gumu kama dafu.
Kwa mbali nilimwona yule mwenye nyusi nyeupe,
amekalia tairi bovu, anachokonoa meno,
na ukutani, pale penye wekundu,
msumari mtupu.

Kona ya Kumi na Tano nikashuka.
Nikatazama huku, nikatazama huku,
nikabonyeza kipulizio kwa ukucha.
Ukatoka wote, upepo wangu wa shilingi mia,
kwa sauti ya mtu anayekubali jambo
huku hataki.

Nikaikokota hadi kibandani.
"Limeisha lenyewe," nikamwambia Shemhilu,
nikatafuta pa kukaa.